Chumvi Isiyokauka

Darasani mwalimu alituambia kwamba chumvi ikiyeyuka, maji huizunguka kila chembe na kuishika. Nilitamani kuuliza yanaiachia lini, nikaona haya.

Nilipomaliza la saba nilimsaidia shangazi kwenye mashamba ya chumvi, Bagamoyo. Kwa desturi, maji machungu yanayobaki chumvi ikishaganda humwagwa. Siku moja niliyaacha, nione kama yatakauka yote.

“Mwana wewe, umetuharibia chumvi! Nani atakula shubiri hii?” shangazi alifoka.

Nikaikwangua ile chumvi chungu, nikaianika kwenye kifuu. Siku nne za jua kali, bado ilikuwa mbichi. Kumbe ziko chembe ambazo maji hayaziachii.

Nilitaka sana kumwonyesha mwalimu, lakini alikwisha kuhamishiwa Mkange, mbali na kwetu, nami sikuwa na wa kunipeleka.