Baba wa Shujaa Alipokimbia

Juzi nilishuka Kiminini nikaamua kutembea hadi upande wetu wa zamani, rafiki yangu, na sikupaona. Shamba la jirani limekuwa ploti. Pale alipokuwa akiegesha pikapu yake kuna vyumba vya kukodisha, mlango, dirisha, mlango, dirisha, na msichana mmoja aliyekuwa akianua nguo akaniuliza, "Unatafuta nani, mama?" Nikamwambia hakuna. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeenda kumchukia mtu. Mwenyewe ameshakufa, na sasa hata pa kusimama nimchukie hapakuwepo.

Niandike polepole. Kichwa changu si cha shule nyingi, niliishia darasa la nane, na nikikasirika huwa natia chumvi. Kwa hiyo mema yake nitayaandika pia, hata kama mkono utakataa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, mwaka wa tohara, na mimi nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi na kukhu, mama yake baba, kwenye kishamba nje ya Kitale. Baba alikuwa amefariki nikiwa mdogo sana. Ninachokumbuka kwake ni koti tu, na koti lenyewe lilikuwa la kaka yake. Mama alifanya kazi za nyumba Eldoret, tukimwona Krismasi. Likizo ya Agosti kwetu ilinuka mahindi ya kuchoma na vumbi la maharagwe. Unajua vumbi lile? Linakaa puani wiki nzima, na ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Asubuhi tulikula viazi vitamu vilivyolala jivuni, jioni ugali wa wimbi na mrenda, na katikati ya siku tulikuwa kwa jirani.

Jirani ndiye pekee aliyekuwa na televisheni upande ule. Stima haikuwa imefika, kwa hiyo aliiwasha kwa betri ya pikapu, na kwa sababu ya betri hiyo alijiona serikali. Watoto tukitaka kuona katuni ya Jumamosi tulimpigia maharagwe kwanza. Tunayamwaga kwenye turubai, tunachukua fimbo, tunapiga mpaka maganda yafunguke, huku yeye amekaa kwenye kiti cha kamba akisema, "Piga kama mtu amekula! Hiyo fimbo unaibembeleza ama?" Nilimchukia hapo tayari, kabla hajanikosea jambo kubwa. Lakini haki yake: hakuwahi kutunyima chai, na chai yake ilikuwa na maziwa.

Katuni yenyewe ilikuwa ya shujaa mmoja kijana mwenye kilemba chekundu. Kila kipindi, kabla ya kupigana, alisema yeye ni mwana wa askari aliyekufa kwenye daraja. Baba huyo hatukuwahi kumwona. Tuliambiwa tu alikuwa mkubwa, hodari, na kwamba jeshi zima lilimwogopa. Mimi na kaka yangu tulimpenda baba kuliko shujaa. Labda unaelewa ni kwa nini. Mtu asiye na baba sebuleni anaweza kumchukua wa katuni, hakuna atakayemdai.

Basi Agosti hiyo jirani akarudi kutoka mjini na CD. Filamu nzima, akasema, ya huyo baba, mambo ya kabla ya shujaa kuzaliwa. Tulipiga maharagwe siku hiyo kama wazimu. Kaka hakuwepo. Ulikuwa mwaka wake wa kutahiriwa, kwa hiyo alikuwa njiani na wenzake wakiimba, amevaa shanga kifuani, akigonga zile kengele za mkono, chinyimba, kualika jamaa kutoka boma hadi boma. Nikasema nitamsimulia.

Kaka yangu alikuwa mtu mpole. Siku walipokuja kutuchoma sindano shuleni alijificha chooni hadi gari likaondoka. Sasa angesimama wima mbele ya watu, alfajiri, bila nguo, bila kupepesa jicho. Akitikisika tu, jina lake limeisha. Mimi usiku niliomba Mungu juu ya jambo hilo kuliko juu ya mtihani wowote.

Filamu ilikuwa ya Kiingereza cha haraka na jirani ndiye aliyetufasiria. Sidhani Kiingereza chake kilikuwa kingi kuliko changu cha leo, lakini nani angembishia na betri ni yake? Tukamwona huyo baba. Alikuwa kijana mwembamba! Mkuki ulikuwa mrefu kuliko yeye. Adui wakaja kwenye daraja, moshi, farasi, na yule baba, yule mkubwa wetu, akatupa mkuki akakimbia. Watu wake wakamtemea mate. Akaingia msituni, akageuka nyuma, na hapo CD ikakwama. Uso wake ukabaki umekatika vipande vipande vya miraba. Jirani akaitoa, akaifuta kwa shati, akaipulizia, akairudisha. Ikakwama palepale.

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kirefu, cha tumbo. Akanielekezea kidole.

"Mnaona huyo? Huyo ni baba yako kabisa!"

"Baba yangu hakukimbia mahali," nikasema.

"Nani, wee? Utanifundisha? Mimi na baba yako tulipakwa tope siku moja, mto mmoja. Tulikuwa wawili tu. Si mimi ndiye bakoki yake? Tope halijakauka, akaruka huyo! Ng'ambo ya mto, akapotea kwa mahindi ya mzungu. Ngoja basi, sijamaliza, wacha nikwambie—"

"Sitaki!"

"Ati hutaki? Kuja hapa, bana, ngoja nimalize."

Sikungoja. Niliangusha fimbo kwenye turubai lake na watoto wake wakaanza kuimba nyuma yangu, "Wa kwa mkimbizi! Wa kwa mkimbizi!"

Bakoki, kwa sisi, ni wale waliotahiriwa pamoja. Ni zaidi ya ndugu. Anachokijua bakoki wako juu ya asubuhi ile anazikwa nacho. Ndiyo sababu nilimwona jirani kuwa mtu mbaya kuliko wote Trans Nzoia, na mpaka leo sijapata mwingine wa kumzidi, ingawa sijatafuta sana.

Jioni nilimwuliza kukhu. Baba alikuwa ametahiriwa upande wa Kachibora, kwenye shamba kubwa ambako babu alikuwa kibarua, mbali na ukoo, na mashahidi walikuwa wachache. Kukhu alikuwa akichagua mrenda. Hakuinua macho.

"Mimi nilikuwa ndani," akasema. "Mama wa mtoto haoni. Unakaa chini, unanyoosha miguu, unashika nguzo ya nyumba. Nikasikia watu wamepiga kelele."

"Walipiga mara ngapi, kukhu? Mara moja ya kushangilia, ama walimzomea kwanza?"

Akanitazama hapo. "Muulize aliyekuwa nje."

Aliyekuwa nje niliyemjua ni mmoja, na huyo sikutaka hata kumsalimia. Kaka alipoulizia filamu nikamwambia CD ilikwama mwanzo kabisa, hatukuona kitu.

Siku moja kabla ya tohara tulienda Sirisia, huko Bungoma, kwa mjomba, kaka yake mama. Kijana lazima aende kwa mjomba wake achinjiwe ng'ombe na avishwe nyama shingoni, ndipo arudi kwao akiwa na kibali. Zamani walitembea. Sisi tulikuwa mbali, kwa hiyo tulibebwa na pikapu, na pikapu ilikuwa ya nani? Ya jirani. Alijitolea mwenyewe, mafuta yake. Naandika hivyo kwa sababu nilisema nitaandika. Mama, ambaye alikuwa amepewa ruhusa ya siku tatu, alikaa mbele akimshukuru njia nzima hadi nikataka kuruka nje.

Mimi ni mtoto wa Kitale, na desturi za Bungoma nilizijua kwa kusikia tu. Hakuna aliyeniambia mjomba hufanya nini. Ng'ombe alichinjwa, watu wakaimba, vumbi likapanda. Mjomba akatoka na ukanda wa nyama mbichi, mweupe kwa mafuta, akamvisha kaka shingoni. Kisha akampiga kofi. Kofi la kweli, la kuliza masikio. Akampiga la pili.

"Wewe ni nani wewe? Umekuja kula nyama yangu bure? Baba yako alikimbia kisu! Ukoo wenu wote mnakimbia kisu! Kesho ukikimbia kama baba yako, ukafie huko, usirudi kwangu!"

Watu walikuwa wakicheka na kupiga vigelegele. Kaka alisimama, mashavu mekundu, damu ya ng'ombe ikimchirizika kifuani. Nami nikaona kitu kimoja tu: jirani amewaambia. Ametangaza mpaka Sirisia. Nikapenya katikati ya wanawake nikasimama mbele ya mjomba.

"Alikimbia mpaka ng'ambo ya mto, lakini alirudi!" nikapiga kelele. "Baba alirudi! Alirudi akasimama!"

Wimbo ukakatika, sauti moja baada ya nyingine. Mjomba akabaki mkono juu.

"Mto gani?" akauliza.

Shangazi mmoja akanivuta sikio akaninong'oneza kwa hasira, "Wee mtoto, hayo huambiwa kila kijana! Hata wa kwake mwenyewe aliwaambia hivyohivyo! Ni ya kumkaza moyo!"

Hakuna aliyekuwa akijua. Mjomba hakujua, mama yangu mwenyewe hakujua. Matusi yale yalikuwa ya wote, na mimi nilikuwa nimeyatia jina na mto. Mama alifunika uso kwa leso. Kaka alinigeukia, na hakupaswa kugeuza kichwa, na macho aliyonitazama nayo sitayaeleza hapa.

Kisha wote wakamgeukia jirani. Alikuwa ameegemea pikapu, akichokoa meno kwa njiti. Bakoki. Neno moja lake lingetosha: ndiyo alikimbia, hapana hakukimbia, ndiyo alirudi. Akaitoa njiti mdomoni.

"Mtoto ameshasema," akasema, akafungua mlango akakaa kwenye usukani.

Hayo tu. Nimeyageuza maneno hayo miaka karibu ishirini. Siku nyingine nayaona ni ya bakoki anayeficha. Siku nyingine ni ya mtu mwenye roho mbaya. Sijui, na labda naandika hivi kwa sababu napenda zaidi iwe ni roho mbaya.

Kurudi, tulikaa nyuma kwenye pikapu, kaka na ile nyama shingoni, inzi wakitufuata kila tulipopunguza mwendo. Hapo Kimilili alisema bila kunitazama, "Alikimbia kweli?"

"Alirudi."

"Nani alikuambia?"

Filamu sikuiona mwisho. Jirani sikumngoja amalize. Kule kurudi nilikuwa nimekutoa kichwani mwangu, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na niliogopa.

"Jirani," nikasema. "Aliona kwa macho yake."

Alinyoosha mgongo, na tangu hapo hadi nyumbani hakuegemea kitu.

Alfajiri walimleta kutoka mtoni amepakwa tope jeupe mwili mzima, nyasi imesimama utosini, waimbaji nyuma. Mama na kukhu walikuwa ndani ya nyumba, sakafuni, miguu mbele, zamu ya mama kushika nguzo. Mimi nilijibanza kwenye uzio. Jirani alikuwa amesimama peke yake upande wa njia ya mtoni, mikono kifuani, mahali hasa ambapo kijana angepita kama angetaka kukimbia. Nikasema moyoni: huyo anangoja amcheke. Leo, nikijilazimisha kuwa mtu wa haki, nasema labda alikuwa ameiziba njia.

Kaka hakutikisika. Kengele ya kanisa la mbali ililia, jogoo akawika, mtahiri akainama, na kaka akatazama mbele kama mti. Kisha kelele. Mara moja tu. Nilihesabu.

Tangu siku hiyo kaka hajawahi kunitania tena. Hanichukii, ananipa nauli, ananiita kwenye sherehe, lakini ule utani wa mtu na dada yake uliishia Sirisia. Jirani naye, miezi michache baadaye, alisimama kwenye uzio akaniita. Alikuwa amenunua CD nyingine, nzima. "Njoo uone mwisho," akasema. "Na kuna ile story sijakumalizia." Nilikuwa nachota maji. Nilimwaga ndoo nzima ardhini, mbele yake, nikarudi kisimani. Hakuniita tena. Baada ya miaka kadhaa akapooza mdomo na upande wa kulia, akaishi hivyo kidogo, akafa. Mazishini nilichambua mchele kwa sababu kila mtu alikuwa akichambua mchele.

Kukhu naye ameondoka. Maharagwe siku hizi yanapigwa kwa mashine, na vijana wengi wa mjini hupelekwa hospitali na sindano ya ganzi, warudi na soda. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba waliokuwa nje kule Kachibora asubuhi ile wamekwisha wote.

Lakini kaka alitaka mwanawe apite njia ya zamani. Agosti iliyopita aliniita nyumbani kwake, akamketisha kijana kati yetu. Kijana ana mikono ya baba yake, na hofu yake pia.

"Babu yako alikimbia," kaka akamwambia. "Akavuka mto. Halafu akarudi mwenyewe, kwa miguu yake, hakuna aliyemshika, akasimama. Kukimbia si mwisho. Mimi nilisimama kwa sababu ya hilo." Akanigeukia. "Muulize shangazi yako. Aliambiwa na mtu aliyeona."

"Ni kweli, shangazi?"

"Ni kweli," nikasema.

Kijana akavuta pumzi, mabega yakashuka. Ndipo nikamchukia jirani kuliko siku zote, kwa sababu hayupo, na sasa ningeenda kumwuliza, na ningemngoja amalize.