Nusu ya Kipimo cha Mama

Mama alirudishwa nyumbani kwa sababu hospitali haikuwa na la kumfanyia tena. Saratani ilianzia kwenye titi, ikashuka hadi mifupa ya mgongo, na daktari alituambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi, kwamba kazi iliyobaki ni kumwondolea maumivu. Nilikabidhiwa chupa ya mofini ya maji na bomba dogo lisilo na sindano. Nikaelekezwa: vuta mpaka mstari huu, mpe mdomoni kila baada ya saa nne, hata kama halalamiki.

Niliitikia vizuri. Nilipofika nyumbani nikavuta nusu.

Sikusahau maelekezo. Nyumba yetu ilikuwa inazijua dawa za jamii hiyo. Mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama, alikuwa dereva wa lori la mbuzi. Lori lilimpindukia kwenye barabara ya Kulamawe, likamvunja nyonga, na hospitali wakampa vidonge vya maumivu, tramado, vya kumvusha siku za mwanzo. Vilipoisha alikuwa bado anakunja uso kila akikanyaga. Mimi ndiye niliyefunga duka langu la vitambaa nikaenda kwenye duka la dawa ambako hawaulizi cheti, nikamletea vingine. Nikaleta tena, na tena, nikijiona dada mwema. Nyonga ilipona. Vidonge havikuondoka. Aliacha kuendesha, akauza simu yake, kisha televisheni ya Mama. Akivikosa alitokwa jasho, akatapika, kamasi zikimchuruzika kama mtoto. Hapo mimi niliacha kumletea, nikaanza kumtukana.

Kwa hiyo chupa ya Mama niliifungia kwenye sanduku langu la nguo, ufunguo nikauning'iniza shingoni. Nilijiambia kwamba nawalinda wote wawili.

Hooyo, maana ndivyo tulivyomwita Mama kwa Kisomali chetu cha nyumbani, hakuwa mtu wa kulia. Maumivu yakipanda aliuma ncha ya mtandio wake na kuutazama ukuta.

"Saa ya dawa imefika?" alikuwa akiniuliza.

"Bado, Hooyo. Vumilia kidogo."

Siku moja mdogo wangu alisimama mlangoni mwa chumba cha Mama. "Si umpe tu, dada? Humwoni alivyo?"

"Wewe nyamaza," nikamwambia mbele ya Mama. "Unajifanya kumhurumia, kumbe ni wewe unayeitaka."

Aliinamisha kichwa akaondoka. Mama alifumba macho. Hakunikemea, na laiti angenikemea.

Muuguzi aliyekuwa akizunguka kwa wagonjwa wa majumbani alikuja wiki hiyo. Alikuwa mama wa Kimeru, Mkristo, lakini kwetu alisimama kizingitini kila mara na kutoa salaam aleikum kwa uangalifu, kama anayeshika kikombe cha mgeni. Alimkagua Mama, akauona mtandio uliotoboka kwa meno. Kisha akaomba chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Dawa ilikuwa bado nyingi mno.

"Unampa kiasi gani?"

Nilimwambia. Nilingoja anigombeze. Yeye akavua viatu, akaketi kwenye mkeka karibu nami.

"Unaogopa nini?"

Nilielekeza kidevu upande wa chumba cha mdogo wangu. Akaelewa. Akamwita naye aje. Mdogo wangu akaja, akachuchumaa karibu na mlango kama mtu aliyeitwa kortini.

"Kwenye ubongo na uti wa mgongo," muuguzi alisema, "seli zina vipokezi. Mwili wenyewe hutengeneza dawa yake ya maumivu, na dawa hiyo ikikaa kwenye vipokezi, habari za maumivu hupungua njiani kabla hazijafika kichwani. Mofini hukaa palepale. Tramado pia. Ndiyo maana zinasaidia."

"Na hii balaa nyingine inatoka wapi?" nikamuuliza.

"Vipokezi hivyohivyo viko pia mahali pengine katika ubongo." Akamgeukia mdogo wangu. "Wewe ni dereva. Kuna seli zinazotoa kitu kinaitwa dopamini, na kuna seli nyingine ambazo ni breki yake. Dawa ikizishika hizo za breki, breki inalegea. Dopamini inamwagika kuliko kawaida. Na dopamini si raha tu. Inaufundisha ubongo: hiki ni muhimu, kikumbuke, kitafute tena. Ukizidisha dawa na kuirudia hata bila maumivu, ubongo unajipanga upya. Vipokezi vinakuwa vizito kuitika. Kile kidogo hakitoshi tena, chai haina ladha, watu hawana maana, na ukiikosa, mwili mzima unawaka moto."

Mdogo wangu alikuwa akiangalia mikono yake. "Mimi nilifikiri nimekuwa tu mtu mbaya," alisema.

Mimi nilikuwa nimemwambia maneno hayohayo, tena zaidi ya mara moja.

"Na Hooyo?" niliuliza.

"Mwili wake unaweza kuizoea, ndiyo. Tungetaka kuiacha, tungeipunguza polepole. Lakini mwili kuzoea dawa na mtu kuisaka mpaka aharibikiwe si jambo moja. Nitamfuatilia mwenyewe. Kwa sasa ana maumivu kweli, na wewe unamnyima."

Alisema kwa upole. Nilivuta dawa mpaka kwenye mstari, nikampa. Alasiri Hooyo aliamka kutoka usingizini, akaomba chai ya maziwa ya ngamia, akauliza kwa ukali kwa nini nywele zake hazijapakwa hina. Nilikuwa nimesahau kwamba ana ukali. Mdogo wangu alicheka kule alikokuwa. Mimi nilitoka uani nikalia, kwa sababu mwanamke huyo alikuwepo siku zote chini ya maumivu, na nilikuwa nimemzuia kwa kufuli.

Kabla ya kuondoka, muuguzi alimwelekeza mdogo wangu aende akaonwe hospitalini. Akamwonya asiache vidonge ghafla. Alikwenda, na huko akapangiwa kupunguza kidogo kidogo, na mtu mwingine amshikie dawa. Aliporudi alinikuta nakunja vitambaa.

"Abaayo, dada yangu, naenda Kinna kwa mjomba. Atanishikia hivyo vidonge."

"Sasa? Na Hooyo yuko hivi?"

"Siwezi kulala nyumba moja na ile chupa. Naisikia hata ikiwa imefungiwa. Nikiiba dawa yake nitajiua."

Ningeweza kumwambia chupa itakaa kwa jirani. Wazo hilo lilinijia, lilinijia vizuri kabisa. Lakini nilikuwa nimechoka naye, na nilifurahi anaondoka. Nikasema, "Haya, nenda salama."

Hooyo alipata wiki chache nzuri. Alipakwa hina, akapokea wageni. Lakini kila jua likishuka aliuliza, "Mtoto wangu amekuja?" Nami nikamwambia yuko Kinna, anapona, atakuja. Alifariki asubuhi moja, ametulia, mkono wake kwenye paja langu. Kwetu maiti haingoji. Gari la kutoka Kinna liliharibika njiani, na mdogo wangu akafika makaburini wakati udongo umeshasawazishwa.

Sasa yeye analima vitunguu kwa maji ya mfereji wa mjomba. Vidonge aliviacha, akavirudia, akaviacha tena. Safari hii bado hajavirudia. Ananiambia kuna siku shamba zima analiona la kijivu, halafu siku nyingine bila sababu anasikia harufu ya mvua na moyo unamruka. Mara ya mwisho nilipomtembelea tuliketi kwenye ukingo wa mfereji.

"Alipokuwa anakufa, aliumia?" akaniuliza.

"Mwishoni hapana."

Alininawisha mikono, akanipa kipande cha tikiti maji. Nikajua amelisikia lile neno "mwishoni", maana hakuuliza tena. Alikaa karibu nami mpaka nikamaliza kula.