Kitambaa cha Mama Juu ya Laptop

Diski ya laptop yangu ilianza kugonga alfajiri, siku moja kabla mama hajasafiri kwenda Magu. Tak, tak, kimya, kisha tak tena. Anayechezea kompyuta za mtumba anaujua mlio huo, na hawezi kumwombea hata adui yake. Ndani ya diski ile kulikuwa na rekodi ya baba, aliyetutoka mwaka uliopita, akitaja ukoo wetu kwa Kisukuma tangu kwa babu wa babu yake. Nakala nyingine ilikuwa kwenye simu yangu, na simu iliibiwa stendi ya Buzuruga. Mama alikuwa amewaahidi wajukuu kwamba baada ya misa ya kumbukumbu huko Magu watamsikia babu yao.

Laptop yenyewe niliinunua hapo hapo Buzuruga, kwa muuzaji aliyeniapia kuwa ni nzima. Betri ilikuwa haikai na chaji, bawaba moja imekatika. Feni niliing'oa kwenye laptop ya aina nyingine nikaibana kwa gundi, na ilikuwa na kelele kama mashine ya kusaga. Nilipoiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ikawaka. Baba alinicheka: "Wenzako wananunua ng'ombe, wewe unanunua maiti." Napenda tu kuona mashine iliyokataliwa na kila mtu ikiandika mstari wake wa kwanza kwenye kioo cheusi. Nikiwa na flash yenye Linux na bisibisi, sijali nani kaoa, nani kajenga.

Asubuhi ile sikuwa na furaha yoyote. Niliitoa diski inayokufa, nikaweka nyingine ndani, kisha ile mgonjwa nikaiunganisha kwa waya pembeni. Kwenye Linux kuna programu ya kunakili diski mbovu: ikikwama mahali, inaruka, inachukua pazuri kwanza, halafu inarudi kubembeleza palipobaki. Niliiwasha alfajiri hiyohiyo, nikakaa kuitazama nikiwa sijanawa hata uso.

"Shikamoo mama," nilisema alipotoka chumbani.

"Marahaba. Itapona?"

"Sijui, mama."

Alinitazama. "Basi nenda kaoge. Hata ukiikodolea macho haitaongeza mwendo."

Nikaenda. Niliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Feni ilikuwa hailii, diski haigongi. Upepo wa ziwani ulikuwa umeleta wale wadudu wadogo ambao mtaa wetu wote wa Pasiansi tunawajua, wametanda dirishani kama moshi, na wengine walishaingia ndani. Juu ya laptop yangu kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kimenyooshwa vizuri, pembe moja ikining'inia mbele, kama mama anavyofunika redio, televisheni na friji.

"Mama! Umefanya nini?"

"Wadudu, mwanangu. Wangeingia humo."

Nilikivuta kile kitambaa nikakitupa kwenye kochi. Laptop ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Ilikuwa imekosa hewa ikajizima, na diski ikazimika nayo. Hapo ndipo niliogopa kweli, maana diski iliyozeeka ikishasimama huwa haina ahadi ya kuzunguka tena. Nilitaka kupiga kelele. Mama alikuwa ameshaelewa kosa lake, midomo imemkauka, nikaishia kuinua laptop ipate hewa.

"Sauti ya baba yako imekwenda?" aliuliza.

"Ngoja ipoe kwanza."

Alikwenda jikoni akarudi na kipepeo cha kupepelea mkaa. Alifunga dirisha, akainama, akaanza kuipepea laptop. Tulikaa hivyo muda mrefu, yeye akipepea, mimi nikiigusa kila mara kama mtoto mwenye homa. Ilipopoa niliiwasha. Diski ikagonga. Ikanyamaza. Ikagonga tena, kisha nikasikia ikianza kuzunguka. Programu ile huandika ilipofikia, kwa hiyo iliendelea palepale ilipokatika. Mama hakuweka kipepeo chini mpaka ilipomaliza.

Faili la baba lilifunguka. Sauti yake ilijaa sebuleni, ikitaja jina baada ya jina, na nyuma yake kulikuwa na mngurumo. Nilidhani ni feni ya laptop hapo mezani. Kumbe ilikuwa ndani ya rekodi pia, feni ileile, maana siku ile nilimrekodi kwa laptop hiihii. Baba akasita katikati ya ukoo.

"Hebu zima hilo dude lako, linanguruma kuliko dume la ng'ombe."

"Nikilizima, baba, rekodi inakatika," nikajisikia nikimjibu.

"Haya, liache lingurume."

Akaendelea na majina. Mama alikuwa amekiokota kitambaa chake kwenye kochi, amekishika mapajani. Alijifuta nacho macho.

"Rudisha hapo anapolitukana," alisema.

Nikarudisha.