Mama Mkwe wa Kwenye Runinga

Mikunjo ya kwanza usoni mwangu ilichorwa kwa wanja. Nilikuwa bado mwanamke wa makamo, nywele nyeusi, miguu haijaanza kuuma, na kila asubuhi binti wa urembo alinikalisha kwenye kiti cha plastiki, akanichora mistari pembeni mwa mdomo na kunipaka poda kichwani mpaka nikawa bibi wa watu. Akimaliza ananitazama, anasema, "Mama, sasa unatisha." Hapo ndipo kazi inaanza.

Sikwenda Dar es Salaam kutafuta kuigiza. Nilikwenda kumfuata mume, mume akafariki, nikabaki na mtoto na cherehani. Nilikuwa nikishona na kunyoosha nguo za waigizaji wa tamthilia moja iliyokuwa ikirekodiwa kwenye nyumba ya kupanga huko Tabata. Siku moja mama aliyepangiwa kucheza mama mkwe hakutokea. Simu inaita, haipokelewi. Jua linapanda, watu wamekaa. Mwongozaji, kijana mwenye haraka zake, akanigeukia nikiwa na pasi mkononi.

"Mama fundi, hebu simama hapo. Huyu ni mkamwana wako, amekupikia mboga haina chumvi. Mseme."

Nikamsema. Sikutunga kitu. Nilimsema kama shangazi yangu alivyokuwa akiwasema wake za wanawe kijijini kwetu, nje kidogo ya Tabora: sauti ya chini kwanza, taratibu, kisha inapanda mpaka kuku wanahama uani. Nikamaliza. Binti aliyekuwa mkamwana alikuwa analengwa na machozi.

"Basi," mwongozaji akasema. "Huyu ndiye."

Watu wamenisifia sana kufoka kwangu, lakini mimi nilijua chanzo chake. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu, Moravian, na alitufundisha tangu wadogo kwamba sauti inatoka tumboni, koo ni mlango tu. Kile kilichowatetemesha watazamaji ni alto ya kwaya ya kijijini, imeondolewa tuni ikabaki nguvu.

Tamthilia ile ilipendwa, na mimi nikachukiwa. Sikutegemea chuki ile ingekuwa ya kweli. Sokoni muuza nyanya mmoja alifunika meza yake kwa kanga aliponiona. "Unampikia nani," akaniuliza, "na mkamwana wako umemfukuza jana?" Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Nikaondoka bila nyanya. Kanisani mama mmoja alihama benchi. Binti yangu aliporudi shuleni alikuwa anaulizwa kama nyumbani anapewa chakula.

Ilifika mpaka Tabora. Majirani walimwendea mama yangu na kumwuliza, kwa upole kabisa, kama yule aliyemlea ndiye yule wa kwenye runinga. Mama akaacha kuangalia. Akanipigia simu. "Mwanangu, nimesema nao, nimechoka. Nikisema ni maigizo wananijibu kwamba hakuna mtu anayeweza kuigiza ubaya namna ile kama hana akiba yake." Kesho yake nilikaa tena kwenye kile kiti cha plastiki.

Muziki ulikuja kwa njia ya pembeni. Kijana aliyekuwa akitengeneza milio ya tamthilia alinisikia nikiimba peke yangu wakati umeme umekatika na sote tunasubiri. Akasema, "Mama, huo wimbo wa nani?" Nikamwambia wa kwangu, natungia tu kichwani. Ulikuwa wimbo wa mama ambaye binti yake wa mwisho ameolewa, na yeye amebaki na sufuria kubwa, hajui tena kupika kidogo. Kila jioni anapika cha wote, kisha anakaa akikitazama. Hakuna zaidi ya hapo. Tuliurekodi kwenye chumba chake kilichobandikwa trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, feni imezimwa ili isisikike, jasho linatutiririka, nikautoa kwa pumzi ya tumboni kama baba alivyotaka. Niliposikia sauti yangu ikirudishwa kwenye spika nililia. Ndiyo kazi pekee niliyoifanya mjini kule na nikatamani mama yangu aisikie.

Redio moja ikaupiga. Nikaitwa studio kuhojiwa. Nilivaa gauni langu zuri, kana kwamba redio inaona. Mtangazaji akanikaribisha vizuri, akaniuliza swali moja juu ya wimbo, kisha akasema, "Mama, wasikilizaji wanaomba. Hebu wafokee kidogo." Nikawafokea. Studio nzima ikashika mbavu. Muda ukaisha, na wimbo wenyewe ukapigwa nusu, ukakatwa na tangazo la sabuni.

Nilirudia kazi ile ya kufoka mpaka tamthilia ikaisha. Haikuisha kwa kishindo. Waliacha tu kutuita. Kwa muda nilizunguka ofisi za watu, wote wananifahamu, wote wananipa soda, na wote wananiambia kwamba sura yangu imeshazoeleka kwa jambo moja. Binti yangu alikuwa amekwisha pata kazi na kuanza maisha yake. Mama yangu miguu ilikuwa imemlegea. Nikafunga cherehani kwenye gunia, nikapanda treni, nikarudi Tabora.

Nilidhani huku nitapumzika. Lakini runinga zipo kila mahali, na vipande vya zamani watu wanavyo kwenye simu. Nikawa naitwa kwenye sherehe: kwenye kumuaga bibi harusi, kwenye harusi, kwenye ufunguzi wa duka. Wananiita kama mgeni rasmi, lakini wanataka kitu kilekile. Ninaingia, ninamfokea mtu, watu wanacheka, ninapewa pilau, ninarudi nyumbani koo likiwaka. Wimbo nilikuwa nao kwenye flashi ndani ya pochi. Ilikuwa haitolewi.

Ndipo nikapigiwa simu kutoka kijiji cha Choma. Mwanamke. Alijitambulisha kwamba ni mama wa kijana anayeoa, na kwamba wao ni wakulima na wafugaji wa huko. Akasema, "Mwenzangu, tunaomba uje utuimbie ule wimbo wa sufuria." Nilimwomba arudie. Akarudia. "Wa sufuria. Mimi naujua wote."

Nilisafiri kwa furaha ambayo mwili wangu haukuwa nayo. Basi lilijaa, barabara ina vumbi, na pande zote mbili ni majaruba ya mpunga yaliyokauka na ng'ombe wanatafuta kivuli. Kwa njia za upande huu mababu zetu wapagazi walipita kwa miguu, mizigo ya watu mabegani, miezi na miezi. Mimi nilikaa kwenye kiti na bado nilishuka kituo cha Ziba nikiwa sijiwezi. Pikapu yenye maua ya karatasi ikanichukua mpaka Choma.

Sherehe ilikuwa ya mchana, chini ya maturubai. Kabla sijanawa uso akanijia mshereheshaji, kijana mwenye suti ya kung'aa na kipaza sauti mkononi.

"Mama, mpango uko hivi. Nazima muziki wote, napiga ule mlio wa tamthilia, wewe unaingia unafoka. Bibi harusi anapiga magoti. Watu watakufa kwa kucheka!"

"Nimeitwa kuimba," nikasema.

"Utaimba, mama. Mwishoni, kama muda upo."

Kama muda upo. Nimelisikia neno hilo mara nyingi. Nikakaa kwenye kiti, nikaangalia viatu vyangu. Sikuwa na hasira, hata hasira inahitaji nguvu. Nilikuwa nimekwisha kubali moyoni kwamba nitafoka, nile, nilale, nirudi.

Ndipo mama wa bwana harusi akaja, anatembea kwa kuyumba, ameshika magoti. Mwanamke mnene, wa umri wangu, uso mkali usiokuwa na habari na mtu. Akakaa kando yangu bila kunisalimu kwa maneno mengi.

"Amekwambia ufoke?"

"Ndiyo."

"Usifoke." Akayasugua magoti yake. "Sikiliza, mwenzangu. Mimi uso wangu ndio huu nilizaliwa nao. Tangu mwanangu aseme anaoa, vijana hapa wananiita kwa ile sehemu yako. Mama Mkwe anapita, Mama Mkwe anakuja. Yule binti amekulia mbele ya runinga akikuona wewe. Akija hapa kusalimia, kwa woga chai yote inaishia kwenye sinia. Sijamfanya kitu. Sijui hata nianzie wapi. Nikasema basi, nimwite Mama Mkwe mwenyewe, binti amwone anaimba. Aone ni mtu."

Miaka yote ile nilikuwa nimejihesabu mimi kuwa ndiye niliyebebeshwa yule bibi mkali. Kumbe kuna wanawake huku vijijini, sura zao tu zimewaponza, nao wanambeba.

Nikaitwa. Mlio wa tamthilia ukapigwa kwenye spika kubwa, na umati ukalipuka. Wengine walisimama juu ya viti. "Mfokee! Mfokee!" Bibi harusi alikuwa amekwisha pigishwa magoti kwenye kipande cha zulia. Msichana mwembamba. Alikuwa akitabasamu kwa sababu anapigwa picha, lakini shingo yake ilikuwa imekakamaa.

Nilimwinua kwanza. Kisha nikamwambia mshereheshaji aweke flashi yangu. Akaiweka, akaminya, akaminya tena, akainua mabega: haisomi. Sijui kama alijaribu kweli. Kwa hiyo nikaimba hivyo hivyo, bila ala, kwa sauti iliyokuwa imebaki.

Ningependa kusema watu walitulia. Hawakutulia. Ubeti wa kwanza walidhani ni utangulizi wa mzaha, wakasubiri. Ubeti wa pili wakaanza kuongea. Vijana wa nyuma waliguna, wakaondoka kwenda kuangalia nyama imefikia wapi. Mtoto alilia, simu zikaita. Lakini mbele, kwenye viti vya wazazi, mama wa bwana harusi alikuwa akiimba pamoja nami, mstari kwa mstari, macho ameyafumba, na hajui kuimba hata kidogo. Sauti yake ilikuwa chini ya tuni, kisha juu yake, kisha haipo. Baba yangu angemtoa kwenye kwaya siku ya kwanza. Na bibi harusi aliacha kunitazama mimi, akawa anamtazama yeye.

Tulipomaliza walipiga makofi wachache, ya adabu. Mshereheshaji akaomba radhi kwa kuwa ratiba imebadilika.

Baadaye nilikuwa nyuma ya nyumba nikinawa mikono, bibi harusi akaja na shela lake amelikusanya mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akauliza, "Yule dada, mkamwana wako wa kwenye runinga. Ulikuwa unamchukia kweli?"

"Yule? Mwanangu alipougua malaria, yule dada ndiye aliyekuwa akimpikia uji mimi nikiwa kazini. Mpaka leo ananipigia simu kila Jumapili."

"Sasa mbona ulikuwa unamfanyia vile?"

"Ilikuwa kazi yangu. Tukimaliza tunakula sahani moja."

Akachungulia upande wa maturubai, akashusha sauti. "Na huyu mama wa hapa? Ni mkali?"

"Mimi simjui. Nimemjua leo hii hii. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba anaimba vibaya sana."

Aliziba mdomo kwa shela, mabega yakamtikisika. Mimi pia nilicheka, na kucheka kule kuliniumiza mbavu, maana nilikuwa sijacheka hivyo siku nyingi. Mama wa bwana harusi akatokea mlangoni akiwa na hotipoti ya nyama. Akatukuta hivyo. "Mnanicheka mimi," akasema. Hakuna aliyekanusha. Akaniwekea ile hotipoti mikononi, akasema, "Wabeja, mayu," yaani asante mama, shukrani ya kwao ambayo kwetu pia tunaielewa, akarudi kwa wageni wake.

Tangu hapo nimekataa sherehe. Si kwa kiburi. Kila anayenipigia namwuliza anataka niimbe au nifoke, na wengi wakisikia swali wanakata simu, na mimi nashukuru kwa kuwa sina haja ya kuvaa viatu. Nashona sare za shule na magauni ya kwaya. Wimbo wangu haujajulikana zaidi kuliko zamani. Mama yangu huniomba nimwimbie wakati namkanda miguu, halafu analala katikati ya wimbo.

Masika yaliyofuata, yule mama wa Choma alikuja Tabora kutibiwa magoti, akafikia kwangu. Aliyemsindikiza ni mkamwana wake, tayari tumbo limeanza kuonekana. Siku ya pili walianza kugombana jikoni kwangu juu ya uji wa mgonjwa. Mmoja anasema umekuwa mzito, mwingine anasema basi mama upike mwenyewe, mmoja anasema ndiyo nitapika, niletee kiti, mwingine anasema kiti sileti, daktari amekukataza kukaa karibu na jiko. Walikuwa wakipokezana bila woga wowote. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilikuwa nimetoka kupeleka nguo za watu, nimelowa, nimechoka hadi kwenye mifupa. Nikajilaza kwenye mkeka sebuleni, nikavuta kanga nikajifunika, nao bado wanaendelea, na usingizi ukanichukua.