Kovu la Mzee Eliezeri

Tumpe wa Mbalizi si mtu wa makuu. Ukimkanyaga mguu sokoni, yeye ndiye atakayekupa pole. Lakini umguse baba yake, hapo utajua kwamba upole nao una mpaka, na kwamba mpaka huo una ukuta na juu ya ukuta pana vipande vya chupa.

Baba yake, mzee Eliezeri, alikuwa na kovu lililoshuka kutoka pembe ya jicho hadi kidevuni. Alilipata ujanani, siku alipoingia zizini kumtoa mtoto wa jirani mbele ya fahali. Mtoto alipona, shavu la Eliezeri likachanika. Wapo watu waliosahau jina lake, lakini hakuna aliyesahau kovu lile.

Alipofariki, Tumpe hakuweza kumtengenezea picha ya kutangulia mbele ya jeneza, ingawa kupiga picha ndiyo kazi yake. Kwao mfiwa hagusi kazi. Seremala akifiwa, jeneza hutengenezwa na seremala mwenzake. Mpishi akifiwa, hupikiwa. Kwa hiyo Tumpe alivuka barabara, akamkabidhi picha ya baba yake kwa mikono miwili Lutengano, mwenye studio inayotazamana na yake.

Lutengano akaja na fremu imefunikwa kitenge wakati jeneza linatolewa nje. Kitenge kikaondolewa. Ndani alikuwamo mzee mweupe pee, mashavu laini kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, tai ya buluu shingoni. Kovu halikuwepo.

Shangazi Tusajigwe, dada wa marehemu, alikuwa ametoka Tukuyu kuja kumlilia kaka yake. Alifungua mdomo alie, akaufunga.

"Huyu ni nani?" akauliza. "Mimi nimekuja kwa kaka yangu. Huyu mnataka nimlilieje, hata simjui?"

Vijana wa nyuma wakaangua kicheko, cha kujizuia mwanzoni, kisha kikawashinda. Shangazi akarudi Tukuyu macho makavu. Hilo ndilo lililomuuma Tumpe kuliko kifo chenyewe: baba yake amezikwa, na dada yake wa tumbo moja hajamlilia.

"Dada, watu siku hizi wanataka usasa," Lutengano alimjibu alipoulizwa. Na kama hiyo haikutosha, kabla udongo wa kaburi haujakauka akatundika bango mlangoni mwake. Upande mmoja mzee Eliezeri na kovu lake, pameandikwa KABLA. Upande wa pili yule mzee mweupe, pameandikwa BAADA. Tumpe akaenda kumsihi alishushe.

"Hiyo ndiyo kazi yangu bora, dada," Lutengano akacheka. "Wateja wanaingia kwa ajili yake."

Tumpe akarudi studio kwake, na kila asubuhi akifungua mlango alimkuta baba yake ng'ambo ya barabara, anatangaza biashara ya mtu.

Mvumilivu hula mbivu. Umoja wa wapiga picha wa Mbalizi ukakaa kikao kuhusu toleo jipya la programu ya kuhariri picha. Lutengano alilipigia debe mpaka sauti ikamkauka, maana ilishakubaliwa kwamba likinunuliwa, yeye ndiye atakayewafundisha wenzake.

"Hatununui mbuzi kwenye gunia," akasema mwenyekiti, mzee Ambrosi. "Tumpe ana kompyuta yenye nguvu. Acha alijaribu, atuletee jibu. Kila mtu ampe picha yake ya kujaribia."

Lutengano akatoa yake kwa madaha. Katika picha ile alikuwa amecheka, mwanya wake wote nje.

Tumpe alishaamua jibu kabla hata hajawasha mashine: programu mbovu, tusinunue. Ualimu wa Lutengano ufe. Lakini alipoanza kazi, mkono wa fundi ukamsaliti. Alimweka baba yake kwanza. Akambadilishia mandhari, akamvalisha koti, akafungua efekti ya ngozi. Ina mshale wa kusogeza. Akausogeza kulia, kovu likaanza kufifia. Akaurudisha kushoto, kovu likarudi, na baba yake akarudi nalo, anamtazama vilevile alivyomtazama akiwa hai. Programu ilikuwa nzuri. Nzuri mno.

Kisha akafungua toleo la zamani, lile walilokuwa wakitumia wote, alilolitumia hata Lutengano siku ile ya msiba. Mshale ulikuwepo. Hata humo ulikuwepo! Kumbe mashine haikukosea. Ni mkono wa mtu ulioshika kovu la baba yake na kulisukuma mpaka likaisha.

Tumpe akaihifadhi picha ya baba yake, kovu likiwa mahali pake. Akachukua picha ya Lutengano, akasogeza kila mshale hadi mwisho, wa ngozi na wa meno.

Siku ya majibu aliipanga mwenyewe iwe siku ya soko, maana siku hiyo mama yake Lutengano huja kutoka Chimala kuuza mchele. Akamkaribisha ndani kwa heshima zote, akampa kiti cha mbele na chai ya maziwa.

"Toleo hili ni zuri. Tununue," Tumpe akawaambia wenzake, na Lutengano akatabasamu. "Ila niwaonyeshe linavyokuwa mkono ukizidi."

Akaleta fremu imefunikwa kitenge. Akakiondoa.

"Kijana mzuri huyo," mama akasema, akipuliza chai. "Wa nani?"

"Wako, mama."

Mama akainuka, akasogea, akainama mbele ya fremu. "Wangu ana mwanya. Mwanya wa babu yake. Huyu sijamzaa mimi."

Kicheko kikalipuka. Kilikuwa kilekile cha msibani, na Tumpe akakitambua. Watu husema kisasi hakina ladha. Siku ile kilikuwa kitamu kuliko asali.

"Dada Tumpe, umeniaibisha mbele ya mama yangu," Lutengano akamwambia walipobaki wawili.

"Wewe uliniaibisha mbele ya jeneza."

Fremu ile Tumpe akaitundika mlangoni kwake kando ya picha ya awali yenye mwanya, KABLA na BAADA. Siku ya pili Lutengano akashusha bango lake, akalivusha barabara mwenyewe, akaomba naye ashushiwe.

Tumpe akampa picha mpya ya baba yake, kovu liko mahali pake. "Peleka Tukuyu kwa shangazi. Mwambie kwa mdomo wako ulichofanya. Akilia, nitakushusha."

Lutengano akaenda. Alasiri simu ya Tumpe ikaita. Alipopokea hakusikia salamu, alisikia kilio. Shangazi Tusajigwe alikuwa analia kwa sauti ya mtu aliyefiwa leo, akimwita kaka yake kwa majina yote ya utotoni. Tumpe akakaa chini mlangoni, akalia naye mpaka simu ikakatika yenyewe.

Kisha akajifuta macho, akainua uso kumtazama Lutengano asiye na mwanya pale mlangoni. Ahadi ni deni, na angemshusha. Lakini keshokutwa ilikuwa siku ya soko tena, akaona ni vizuri amwache mpaka soko liishe.