Maua ya Uzio wa Reli

Juzi niliyaona yale maua ya zambarau yamepanda uzio wa reli, nikasimama. Utotoni, alasiri moja tukitoka madukani Coventry Road, huku ughaibuni, mama aliyaona akaweka mifuko chini.

"Hizi kunde za kwetu," alisema, akaanza kuchuma majani. Vidole vyake vilinukia ubichi.

Jirani yetu Bi Salma, Mzanzibari, alikuwa akipita. "Mwanangu, hizo si kunde. Zina sumu."

Mama aliyamwaga majani, akalia palepale. Nilidhani analilia mboga. "Mami, dukani kuna spinachi," nikamwambia. Akacheka huku analia, tukarudi kununua.

Sikujua kwamba asubuhi ile mama alikuwa amepigiwa simu kutoka kwetu Uvira, Kongo. Bibi, aliyemlea kwa kunde za nyuma ya nyumba, alikuwa ameshazikwa.