Pikipiki Isiyojua Kusimama

Hadi leo, nikifungua kopo la polishi ya sakafu, hujikuta nimesimama na kifuniko mkononi nikiwa nimesahau nilichotaka kufanya. Ni ile harufu ya nta iliyoyeyuka ndani ya mafuta. Wengine labda huwakumbusha ofisi za serikali. Mimi hunirudisha nyumbani kwetu, upande wa Igalula, miaka ile kijiji chetu cha ujamaa kilipokuwa kipya, nyumba zimepangwa kwa mistari na miti ya kivuli bado inatufika magotini.

Baba alikuwa mrina asali, na hakuna kitu nyumbani kilichokosa nta. Vizibo vya vibuyu vilikuwa na nta, nyuzi za kushonea zilikuwa na nta, hata mkate wa shule, nilipokuwa nao, uliteleza mkononi.

Mgeni mmoja aliyekuja kuchimba visima alipomaliza mkataba wake alimwachia baba pikipiki ya mwanawe, kwa kumshukuru kwa asali ya misimu mitatu. Ilikuwa ya mtoto kweli. Mtu mzima akiikalia, magoti yalimpanda hadi kifuani. Ilikunywa petroli iliyochanganywa na oili, ikatoa moshi wa bluu, ikalia kama nyigu ndani ya kopo. Baba aliiegemeza ukutani na kuining'inizia majembe. Aliyeiona kuwa ni chombo ni dada yangu, Nyamizi.

Nyamizi alikuwa na miaka kumi na tisa. Mguu wake wa kulia ulilemaa alipougua akiwa mdogo, nao ulibaki mwembamba kama mkono. Kijiji kilimpa kazi ya kufundisha kisomo cha watu wazima, lakini darasa lenyewe lilikuwa kijiji cha pili, mwendo wa saa mbili kwa mwenye miguu mizima, kwa njia iliyonyooka katikati ya msitu wa miyombo, ambayo wazee walisema ilikanyagwa na misafara kabla ya reli. Pikipiki ile ilikuwa fupi kiasi cha yeye kugusa ardhi. Mimi, mwenye miaka kumi na mmoja, nilimpigia kiki kila siku baada ya chakula cha mchana, naye akaondoka huku gauni limefungwa kwa kamba kiunoni. Wakati wa kurudi, wanafunzi wake walimpigia.

Tatizo lilikuwa moja. Ikikimbia haikuwa na neno. Ukiachia mkono wa mafuta ili isimame kidogo huku ikinguruma, ilikohoa, ikapanda, ikashuka, ikazima. Na ikizima porini, Nyamizi hakuwa na mguu wa kupigia kiki. Mara mbili alilala njaa kwenye kichuguu akingoja mpita njia. Baada ya hapo akajifunza kutopunguza mwendo kabisa, kutoka mlangoni petu hadi mlango wa darasa.

"Nataka isimame bila kuzima," aliniambia. "Ni hilo tu."

Wakati huo wanafunzi wake walikuwa wanapungua. Walianza thelathini, wakabaki tisa. Katibu wa kijiji alikuja nyumbani, akanywa uji wetu, akasema kwamba wakipungua zaidi kabla ya mwezi kwisha darasa litafungwa na Nyamizi atarudi kuchambua tumbaku na wenzake. Sisi sote tulidhani sababu ni zile siku mbili alizokwama.

Baba alinipeleka Tabora pamoja na pikipiki, ndani ya behewa la mizigo. Huko, mtaa wa Gongoni, alikuwako fundi mmoja, Mzee Nasoro, mwenye kofia iliyogeuka rangi kwa oili. Alifungua kabureta, akanionyesha matundu mawili. Kubwa ni la kukimbilia. Dogo, jembamba kama unywele, ni la kupumulia mashine ikiwa imesimama. Akalipuliza lile dogo, akawasha, na ile pikipiki ikanguruma kwa utulivu kama paka.

Wiki moja baadaye ilikuwa vile vile. Tukarudi.

"Mwanangu," alisema Mzee Nasoro, "mashine yako nzima. Huko porini mnailisha nini, ugali?"

"Petroli safi, babu. Naichuja mwenyewe."

"Basi chunguza usafi wako."

Maneno hayo yaliniudhi, maana nilijivunia kuchuja. Petroli yetu ilikaa kwenye pipa lenye kutu, nami niliipitisha kwenye kipande cha kitambaa cha amerikani ambacho mama alikifua kwa maji ya moto hadi kikawa cheupe. Lakini nilipofungua lile tundu dogo mwenyewe, kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, niliutoa ukiwa na kitu laini cha manjano. Nikakisugua kwa vidole, nikakinusa. Kilinuka kama nyumbani kwetu.

Nilichukua visahani viwili. Kimoja nikakitilia petroli iliyopita kwenye kitambaa, cha pili ya pipani moja kwa moja. Nikaviweka juani nikakaa navyo. Vilipokauka, cha pili kilibaki na chembe za kutu. Cha kwanza kilikuwa na utando mwembamba unaong'aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Kitambaa changu kilikuwa kile cha zamani cha kuchujia nta. Maji ya moto hayakuwa yameimaliza, petroli ikaibeba taratibu, na kila usiku, ilipokauka ndani ya kabureta, ikaiacha kwenye tundu jembamba kuliko yote. Mimi ndiye niliyekuwa nikiliziba, kwa uangalifu mkubwa.

Nilimweleza Nyamizi huku nikitazama chini. Alicheka hadi akashika ukuta. "Umeninyonga kwa usafi," alisema, akachana kanga yake ya zamani, akanipa kipande cha kuchujia.

Tangu siku hiyo pikipiki ilinguruma vizuri, lakini ikaanza kuchelewa. Safari ya nusu saa ikawa saa nzima na zaidi. Niliandika hilo kwenye daftari kama ubovu mpya, nikakagua mnyororo, plagi, breki. Sikuona kitu. Siku ya nne nikapanda nyuma yake, nikiwa na bisibisi mfukoni.

Hatukufika mbali. Mzee mmoja alikuwa akitembea na kuni begani. Nyamizi aliachia mkono wa mafuta, akasimamisha pikipiki pembeni, ikinguruma chini yetu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe si ndiye uliyekuwa ukitupita kama treni?"

"Ndiye mimi. Mashine ilikuwa haijui kusimama."

"Sisi tulisema, mwalimu gani huyu, anafundisha watu wazima naye hajafundishwa adabu. Mkwe wangu akaacha kuja darasani kwako."

"Mwambie namwomba radhi."

"Kamwambie mwenyewe. Nyumba ile pale."

Akageuza pikipiki kuelekea pale. Kisha kwa mwanamke mwenye ndoo, kisha kwa wachunga mbuzi wawili. Kila mahali waliulizana habari za nyumbani, za mvua, za mguu, kwa Kiswahili wakahamia Kinyamwezi, na mashine ikingoja bila kukohoa. Mimi nilikaa nyuma nikihesabu dakika, nimeudhika, nikiwaza kwamba kwa mwendo huu darasa litafungwa kweli. Tulipofika, tulikuta watu wamejaa hadi mlangoni, hata wale walioacha wamerudi, na hakuna aliyeuliza kwa nini tumechelewa.